Nchi Isiyo na Ila

Nchi ya Sawani haina ila. Hayo si maoni yangu. Ni maneno yaliyochongwa juu ya lango la kila shule nchini humo, nami nilikaa huko muda wa kutosha kuyachunguza. Katika maelezo haya, nililoliona nitasema nimeliona, na nililoambiwa nitasema nimeambiwa. Msomaji asitafute la tatu.

Sheria ya elimu ya Sawani ina sentensi moja: "Mwanafunzi awe sawa, wala asiwe na ila." Walioiandika walifariki bila kueleza walichokusudia. Niliambiwa kwamba wanasheria waligawanyika kwa miaka mingi. Kundi la kwanza lilishikilia kuwa "sawa" ni kulingana: mtoto asimzidi mwenzake wala asipungue. Kundi la pili likashikilia kuwa "sawa" ni uzima, kama mtu anavyojibu "niko sawa" akiulizwa hali. Mahakama, kwa kutotaka kumuudhi mtu, iliamua kwamba maana zote mbili ni sahihi, na kwamba ya pili huzaliwa na ya kwanza: watoto wakishalingana, wote watakuwa wazima. Likabaki neno "ila", ambalo laweza kuwa kasoro, na laweza kuwa lile neno dogo tunalolitia katikati ya sentensi tunapotaka kusema jambo halijaisha. Hapo pia mahakama ilichukua yote mawili. Mwanafunzi asiwe na kasoro, na asiseme "ila".

Tangu siku hiyo neno limeondolewa vitabuni. Methali isemayo "Kizuri hakikosi ila" hufundishwa kwa ufupi: "Kizuri hakikosi." Nilimuuliza mwalimu mmoja, hakikosi nini? Akanijibu kwamba swali hilo halimo katika mtaala.

Mwenyeji wangu alikuwa Bwana Hamadi Pazi, Afisa Ulinganifu wa wilaya, mtu mnene, mpole, mwenye kofia ya kazi. Alitembea kwa kuchechemea, nami nikadhani amewahi kuvunjika mguu. Baadaye niliona kuwa kila mtu karibu na shule alitembea kwa namna yake. Watu wazima walichechemea kama yeye. Watoto wadogo waliburuta miguu, mmoja akisimama kila baada ya hatua chache kurudi kuokota alichokiacha nyuma. Sababu ilikuwa viatu.

Kila anayevuka lango la shule Sawani, awe mwanafunzi, mwalimu, afisa au mgeni, huvaa Kiatu cha Wastani. Ukubwa wa kiatu hicho hupangwa kila mwaka. Hawapimi miguu. Hujumlisha umri wa wanafunzi wote, hugawanya kwa idadi yao, kisha hutengeneza kiatu cha mtoto wa umri huo. Nilipouliza kwa nini umri, Bwana Pazi alinishangaa.

"Umri umo kwenye vyeti, mgeni wangu. Mguu una cheti?"

Nikakubali kwamba hauna.

Basi nililetewa jozi yangu. Nina miguu midogo, jambo ambalo nyumbani hunifanya nitaniwe na wauza viatu. Niliingiza mguu wa kwanza, nikaingiza wa pili, nikafunga kamba, nikatembea hadi mlangoni na kurudi. Bwana Pazi alisimama.

"Havikubani?"

"Havinibani."

"Havikupwayi?"

"Havinipwayi."

Akavua kofia. Akamwita karani wake aje aone, na karani akawaita wa ofisi ya pili. Nilitembezwa tena hadi mlangoni. "Miaka yote ya kazi yangu," alisema Bwana Pazi kwa sauti ya chini, "nimeamini kwamba mtu huyu yupo. Walinicheka. Leo nimemwona kwa macho." Nikamshukuru.

Kuanzia siku hiyo watu walikuja kuitazama miguu yangu, wengine wakaniomba niikunje na kuikunjua.

Asubuhi iliyofuata tulikwenda Shule ya Msingi Mlinganyo. Ubao umesimikwa katikati ya darasa na watoto wameketi wakiuzunguka, ili pasiwe na wa mbele na wa nyuma. Nusu ya darasa huona maandishi, nusu huona mbao. Kipindi kikifika katikati ubao hugeuzwa, na ile nusu ya pili huendelea na somo kutoka hapo lilipofikia. Mtihani huandikwa na wote, alama hujumlishwa, na kila mmoja hupewa wastani. Shule hiyo haijawahi kuwa na mtoto wa mwisho. Bwana Pazi alinikumbusha hilo mara mbili, nami nikaona si haki kumkumbusha kwamba haijawahi kuwa na wa kwanza.

Kuhusu hali za watoto, utaratibu ni huu. Mwalimu akiingia huuliza, "Mko sawa?" na watoto hujibu, "Sawa!" Majibu hayo hupelekwa wilayani, na wilaya hutangaza kiwango cha uzima, ambacho ni mia kwa mia. Mwaka mmoja, niliambiwa, kilishuka kidogo kwa sababu ya mtoto mmoja aliyekuwa amesinzia. Akaamshwa, kikapanda. Kuna pia Chumba cha Utulivu, cha mtoto mwenye dukuduku kwenda kuzungumza na mshauri. Niliomba kukiona. Kilikuwa kimefungwa kwa kufuli.

"Hakuna anayekihitaji," alieleza Bwana Pazi. "Kiwango ni mia kwa mia."

"Na mshauri?"

"Yuko sawa."

Katika darasa la saba nilishuhudia shauri. Msichana mrefu, jina lake Adia, alikuwa ameketi amekanyaga visigino vya viatu vyake hadi vikalala kama kandambili. Hilo ni kosa, na huitwa kukanyaga usawa. Mwalimu wake, Bwana Chaurembo, alimsimamisha.

"Adia, uko sawa?"

"Sawa, mwalimu."

"Mbona umekanyaga kiatu?"

"Mguu ndio uliokanyaga, mwalimu. Mimi niko sawa."

Wenzake wakacheka, hata wale wa upande wa mbao. Mwalimu alinyanyua kidole, akakishusha. Yeye mwenyewe alikuwa amesimama kwa mguu mmoja.

Nje, Bwana Pazi alinieleza kwamba tatizo la Adia litakwisha karibuni. Mwaka ule watoto wengi sana walikuwa wameandikishwa darasa la kwanza, wastani wa umri ukateremka, na kiatu cha muhula mpya kilikuwa kidogo zaidi. Kilishakatwa, kikashonwa, kikapangwa ghalani. Nikauliza Adia atawezaje kukivaa.

"Hataweza kukikanyaga kisigino," alisema Bwana Pazi, "maana hakitapita vidole."

Alilisema bila kejeli. Nilimwangalia vizuri kuhakikisha.

Mama yake Adia, Bi Mwanaheri Shomvi, alikuwa akigombea kiti kimoja cha Bodi ya Shule dhidi ya aliyekikalia, Mzee Tendwa. Bodi ndiyo huidhinisha kiatu. Uchaguzi ulikuwa umekaribia, na muhula mpya ungeanza mara baada yake. Nilimtembelea nyumbani kwake, nikavua Kiatu cha Wastani mlangoni, naye akakitazama kwa muda kabla ya kunikaribisha.

"Nilikuwa mkaguzi," alinieleza. "Viatu hivi nimevigawa kwa mikono yangu, mgeni. Niliviamini. Siku moja nikarudi nyumbani nikamkuta mwanangu anafua soksi, na maji ya beseni ni mekundu. Nikamuuliza, uko sawa? Akaniambia, sawa, mama. Ndipo nikajua kwamba kazi yangu nimeifanya vizuri."

"Sera zako ni zipi?"

"Nina mbili tu. Mtoto apewe kinachomfaa yeye, si kinachomfaa mtoto asiyekuwepo. Na akiulizwa hali, aachwe amalize kujibu."

Niliona ni sera nyepesi kueleza, nikamshauri aziseme jukwaani kama alivyozisema. Adia, aliyekuwa amekaa kizingitini miguu peku, akaangua kicheko.

"Mama, mwambie kuhusu hotuba."

Hotuba, kumbe, ni moja. Ili mgombea mmoja asimzidi mwenzake kwa ufasaha, Tume ya Uchaguzi huandika hotuba na wagombea wote huisoma. Mfupi husimamishwa juu ya kasha ili walingane. Mwenye sauti nzito huombwa aipunguze. Na mgombea atakayetamka neno "ila" kabla ya kura hufutwa papo hapo.

"Sasa wapiga kura huwatofautisha vipi?"

"Hawatutofautishi. Mwenye kiti hubaki na kiti." Akanimiminia chai. "Kitu kimoja tu Tume haijakiandika, nacho ni salamu. Walijaribu, masheikh na mapadri wakawajia juu. Salamu ni ya mtu na Mungu wake."

"Basi una salamu."

"Nina salamu," alisema Bi Mwanaheri. "Na mimi nimelelewa na bibi wa pwani. Nikianza kumjulia mtu hali, huwa sichoki."

Siku ya uchaguzi watu walikusanyika katika uwanja wa shule, na kwa kuwa walikuwa wamevuka lango, wote walikuwa wamevaa Kiatu cha Wastani. Nilijionea umati mzima ukihamisha uzito kutoka mguu wa kulia kwenda wa kushoto, kama watu wanaosubiri choo.

Mzee Tendwa alianza. Alikuwa mzee nadhifu, mwenye fimbo.

"Sawa?"

"Sawa!" uwanja ukaitika.

"Sawa sawa?"

"Sawa sawa!"

Hiyo ndiyo iliyokuwa salamu yake. Akasoma hotuba ya Tume, iliyosema kwamba watoto ni taifa la kesho, kisha, kabla hajashuka, akanyoosha fimbo kunielekea. Tume ilinong'onezana, ikaona kwamba mgeni si hotuba, ikaruhusu. Bwana Pazi alinisindikiza jukwaani kwa fahari ya baba wa bwana harusi.

"Ndugu zangu," alisema Mzee Tendwa, "wapo wanaonong'ona kwamba kiatu chetu hakimfai mtu. Mtazameni huyu. Katoka mbali, yeye hatujui, sisi hatumjui, na kiatu kimemkaa kama kazaliwa nacho. Mgeni, sema mwenyewe. Vinakutosha?"

Niliulizwa swali la kweli na nilikuwa na jibu la kweli. Sikuwa na nia ya kumsaidia mtu. Nilifikiri tu kwamba jibu lingekuwa pungufu kama ningeliacha hapo.

"Vinanitosha," nilisema, "ila mimi ni mmoja."

Mama mmoja akaziba masikio ya mwanawe, akiwa amechelewa. Bwana Pazi alinishika mkono, uso umemvuja jasho, akawageukia watu.

"Lafudhi! Mgeni ana lafudhi! Amesema 'hela'. Anaomba hela!"

"Hata sisi tunaomba!" mtu akajibu kutoka nyuma, na vicheko vikalipuka.

"Hakusema hela, Pazi, tumesikia!" akapaza mwingine. "Masikio hayajabanwa, ni vidole tu!"

Tume ilinijadili. Ilibainika kwamba sheria ya "ila" inamtaja mwanafunzi na mgombea, na mimi si yeyote kati yao. Nikaombwa kushuka taratibu, nikashuka taratibu, jambo ambalo kwangu halikuwa gumu, kwa kuwa nilikuwa mtu pekee pale asiyechechemea.

Ikafika zamu ya Bi Mwanaheri. Akapandishwa kwenye kasha, akaisoma hotuba ya Tume neno kwa neno, kisha akaikunja. Alikuwa ameiacha salamu mwishoni. Mwenyekiti wa Tume alifungua kitabu cha kanuni, akapekua, akakifunga. Hakuna kanuni iliyosema salamu huja lini.

"Hamjambo?" akauliza Bi Mwanaheri.

"Hatujambo!"

"Habari za nyumbani?"

"Nzuri!"

"Na wazee?"

"Salama!"

"Watoto nao hawajambo?"

"Hawajambo!"

"Vichwa vyao havijambo?"

"Havijambo!" Watu walianza kutabasamu. Wengi walikuwa na bibi wa namna hiyo.

"Matumbo yao hayajambo?"

"Hayajambo!"

"Magoti?"

"Hayajambo!"

"Miguu yao haijambo?"

Sauti ikapungua. Wengine walisema haijambo, wengine walikohoa. Bi Mwanaheri alisubiri tu, kama mtu aliyegonga hodi na kusikia watu wamo ndani.

"Mama Adia, wasema nini sasa!" akafoka mtu wa Mzee Tendwa. "Shuka!"

"Nawajulia hali, mwanangu," akajibu. "Ni dhambi? Nauliza tena, jirani zangu. Miguu ya watoto haijambo?"

Mwanamume mmoja mrefu, aliyekuwa ameegemea nguzo kwa maumivu yake mwenyewe, akatazama chini, akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Haijambo," alisema. "Ila."

Hakumalizia. Hakuhitaji. "Ila" ya pili ilitoka kwa mwanamke aliyembeba mtoto na viatu vya mtoto mkononi. Ya tatu sikuona ilikotoka. Baada ya hapo sikuweza tena kuzihesabu, na sitajifanya nilizihesabu. Walisema "ila" kwa wanafunzi, kwa wajukuu, kwa nafsi zao. Mzee mmoja aliisema mara nyingi mfululizo bila kitu kingine, kama mtu anayeonja kitu alichokula utotoni. Bi Mwanaheri mwenyewe hakulitamka neno hilo. Mwenyekiti wa Tume alikuwa amemkazia macho midomoni muda wote.

Kura za Sawani hupigwa kwa sauti. Mwenyekiti hutaja jina la mgombea na kuuliza, "Sawa?" Kwa desturi watu hujibu "Sawa" kwa kila jina, kura hulingana, na mwenye kiti hubaki asije akaonewa. Akataja jina la Bi Mwanaheri: "Sawa?"

"Sawa!"

Akataja la Mzee Tendwa: "Sawa?"

"Sawa," uwanja ukaitika, "ila!"

Tume ilijifungia katika darasa la pili. Ilipotoka, mwenyekiti alisoma uamuzi kwa sauti isiyo na furaha wala huzuni. Kwa mujibu wa sheria, ila ni kasoro. Kura yenye ila ni kura yenye kasoro. Kura yenye kasoro haihesabiki. Mzee Tendwa, kwa hiyo, hakupata kura.

Ningependa kuishia hapo, kama ambavyo msimulizi mwenye haraka angeishia. Lakini nilikuwepo siku ya kikao cha Bodi, na nimeahidi kusema nilichokiona. Bi Mwanaheri alitoa hoja zake mbili. Ya kiatu ilikwama. Kiatu kidogo kilisimamishwa, hilo walikubali, ila cha namba mbalimbali kilishindikana kwa sababu aliyoieleza mwenyekiti wa Bodi kwa uvumilivu mkubwa.

"Hatuwezi kugawa namba tusizozijua, Bi Mwanaheri. Na hatuzijui kwa kuwa hatujawahi kugawa."

Hoja ya pili, ya kumwacha mtoto amalize kujibu, ilipitishwa na wajumbe wote kwa makofi, pamoja na marekebisho madogo. Ili pasiwepo mtoto mwenye ila nyingi kuliko mwenzake, kila mwanafunzi angepewa ila moja, na ila hiyo ingekuwa ya namna moja. Kamati ndogo ikaiandika: "Sawa, ila viatu vinabana kidogo." Neno "kidogo" liliongezwa na mjumbe wa fedha.

Asubuhi ya kwanza ya muhula Bi Mwanaheri alikwenda Mlinganyo kuona marekebisho yakitekelezwa, akiwa na utepe wake wa ukaguzi mfukoni, ule aliokuwa akipimia madawati. Mimi na Bwana Pazi tulifuatana naye. Wanafunzi walikuwa wamepangwa uwanjani, Adia nyuma kabisa na visigino vyake vimelala.

"Mko sawa?" akauliza Mwalimu Chaurembo.

"Sawa, ila viatu vinabana kidogo!" wakaitika kwa pamoja, wakubwa kwa wadogo, na Bwana Pazi akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Sauti moja ilichelewa. Ilikuwa ya mtoto wa darasa la kwanza katika mstari wa mbele, aliyekuwa amesimama ndani ya viatu vyake kama mtu aliyesimama ndani ya mitumbwi miwili.

"Sawa," alisema, "ila vyangu vinapwaya."

"Umekosea ila," alisema mwalimu kwa upole. "Rudia."

Mtoto akaviangalia viatu, akamwangalia mwalimu, akarudia kwa uangalifu zaidi, akidhani tatizo ni matamshi.

"Sawa. Ila. Vyangu. Vinapwaya."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu Chaurembo alimgeukia Bi Mwanaheri, kwa kuwa kanuni haikusema lolote kuhusu hali hiyo, naye Bi Mwanaheri akaenda mbele, akapiga magoti mchangani, akamtoa mtoto mguu kwenye kiatu kwa urahisi wa kutoa kijiko kwenye kikombe. Akatoa utepe. Akaupima mguu, kutoka kisigino hadi kidole gumba, akaitamka namba kwa sauti ili uwanja mzima usikie.

Bwana Pazi aliniambia, nami sina sababu ya kutomwamini, kwamba katika nchi ile inayolinganisha kila kitu, mguu haukuwahi kupimwa.

"Mama," Adia akaita kutoka nyuma, "na mimi?"

"Njoo upange mstari. Uje peku."

Nikasikia viatu vikivuliwa, kwanza kimoja kimoja, kisha vingi kwa pamoja, sauti kama ya mvua nzito. Mwalimu Chaurembo alikuwa miongoni mwa wa mwanzo. Nilibaki nimevaa vyangu, kwa kuwa havikuwa na tatizo lolote.

Bwana Pazi alisimama karibu nami kwa muda, akihamisha uzito kutoka mguu wa kulia kwenda wa kushoto. Kisha akainama kwenye sikio langu, akaniuliza foleni inaanzia wapi. Akakumbuka cheo chake, akainyoosha kofia, akasema alikuwa akiuliza kwa niaba ya serikali.